Opera ndani ya geto: sanaa ya Wayahudi wa Terezín, nani aliianzisha, nani aliiruhusu na nani aliitumia

Kuna kipande cha filamu ya zamani kinazunguka sana mitandaoni, unaona watoto wamejipanga jukwaani wanaimba kwa nguvu zote, mara okestra ya wanaume waliovaa suti, mara watu wanacheza mpira uani na mashabiki wamejaa mpaka kwenye varanda za ghorofa. Hapakosi mtu wa kuuliza, hivi hawa si ndo wale Wayahudi waliokuwa wanauawa na Wanazi, sasa mateso yako wapi hapo mbona wanaimba opera? Wengine wanauliza kwa nia njema kabisa, hawajui tu, na wengine wanauliza makusudi ili waseme yale mauaji hayakutokea. Jibu lipo ila ni refu kidogo, na halitaeleweka ukichanganya mambo matatu: nani aliianzisha hiyo sanaa, nani aliiruhusu, na nani aliitumia. Mambo matatu tofauti, nyakati tofauti, sababu hazifanani hata kidogo.

Kwanza mahali penyewe, pale ilipopigwa ile filamu. Terezín, Wajerumani walipaita Theresienstadt, ni mji wa ngome kaskazini mwa Prague, mji mkuu wa Cheki, ulianza kujengwa mwaka 1780 na mfalme Joseph wa Pili akaupa jina la mama yake Maria Theresa. Kabla ya vita waliishi humo watu kama 7,000 hivi ukijumlisha na wanajeshi. Novemba 1941 Wanazi wakaugeuza geto, yaani eneo la kuwafungia Wayahudi, wakaanza kuleta Wayahudi wa Prague na sehemu nyingine za Cheki, mwaka uliofuata wakaleta wazee wa Ujerumani na Austria, mpaka ikafika Septemba 1942 wamebanwa humo watu zaidi ya 50,000 kwa mpigo. Wale wazee wa Ujerumani wengi walisainishwa mikataba kabisa, wakalipa hela zao, wakaambiwa wananunua nafasi ya kutunzwa uzeeni, wamefika wanakuta dari lina vumbi na sakafu tupu ya kulala. Mwezi huo mmoja walikufa karibu watu 4,000, na Terezín haikuwa na chumba cha gesi, hiyo ni njaa na magonjwa tu. Maana Terezín ilikuwa ni kituo cha kupitishia watu. Karibu watu 140,000 walipelekwa pale, kama 33,000 wakafia hapo hapo, karibu 90,000 wakapakiwa kwenye treni kwenda Auschwitz, Treblinka na kwingineko na waliorudi wakiwa hai ni wachache mno. Hizo safari wafungwa waliziita transporti, na hakuna siku mtu alilala Terezín bila kuwaza kama jina lake limo kwenye transporti inayofuata.

Sasa nani alianzisha sanaa humo ndani. Wafungwa wenyewe, tena kwa kujificha. Wayahudi walikuwa wameshapigwa marufuku kumiliki ala za muziki, ila wapo walioficha vyombo kwenye mizigo wakaingia navyo, na jioni baada ya kazi wanaume wakawa wanakusanyika darini au kwenye mabweni ya zile kambi za zamani za jeshi wanaimba. Mmoja wa waliofika mwanzo mwanzo ni Rafael Schächter, mpiga piano na mwalimu wa kwaya kijana kutoka Prague, yeye alianza kufundisha nyimbo bila ala yoyote. Baadaye ikapatikana piano moja chakavu haina miguu, wakaiegesha juu ya vitu, ikapigwa hivyo hivyo. SS, kikosi cha Kinazi kilichosimamia geto, wakajua. Hawakuzuia, na kufikia mwisho wa 1942 ikawa kuna ofisi kabisa chini ya uongozi wa Kiyahudi wa geto inayopanga ratiba za matamasha, mihadhara, michezo ya kuigiza na mpira.

Hapo ndo watu wengi wanapokwama. Kwa nini mtu anayekusudia kukuua akuruhusu uimbe?

Ukitaka kuelewa inabidi urudi nyuma mpaka Berlin 1933, maana mbinu hii Wanazi waliizoea zamani. Aprili mwaka ule ilitoka sheria ya kuwafukuza Wayahudi kwenye ajira za serikali, na Ujerumani majumba mengi ya opera na tamthilia ni ya serikali au ya manispaa, kwa hiyo ghafla waigizaji, waimbaji na wapiga fidla kibao wako mtaani hawana kazi. Daktari mmoja wa mishipa ya fahamu ambaye pia alikuwa kiongozi wa okestra, Kurt Singer, na wenzake wakaomba kibali cha kuanzisha chama cha utamaduni cha Wayahudi peke yao. Ofisa wa Kinazi, Hans Hinkel, akakubali kwa masharti: wasanii wawe Wayahudi, watazamaji wawe Wayahudi wenye kadi ya uanachama, matangazo yasitoke kwenye magazeti mengine, na kila programu ipite kwake kwanza. Tarehe 1 Oktoba 1933 wakafungua kwa mchezo wa Lessing uitwao Nathan der Weise, mchezo wa Kijerumani wa karne ya 18 unaohimiza Muislamu, Mkristo na Myahudi waheshimiane. Hebu fikiria kuchagua mchezo huo mwaka huo. Halafu kamba ikaanza kukazwa taratibu, wakakatazwa kazi za waandishi wakubwa wa Kijerumani, Schiller kisha Goethe, wakakatazwa muziki wa Beethoven, na Austria ilipomezwa na Ujerumani mwaka 1938 hata Mozart wa Austria wakakatazwa, eti sanaa ya Kijerumani isiguswe na mikono yao. Novemba mwaka huo masinagogi yakachomwa nchi nzima, maelfu ya wanaume wakapelekwa kambini, na baada ya siku chache tu Hinkel huyo huyo akaagiza tamthilia ifunguliwe watu waendelee kuigiza. Aliagiza, hakuomba. Gestapo, polisi wa siri wa Kinazi, wakakivunja chama Septemba 1941, na Singer mwenyewe alikuja kufia Terezín Februari 1944.

Kwa hiyo faida kwa Wanazi iko wazi. Wayahudi wanatengwa halafu inaonekana kama wamejitenga wenyewe, mgeni akiuliza anajibiwa mbona wana tamthilia yao, na watu wenye hofu wanatulizwa wasihangaike sana. Faida kwa Wayahudi nayo ilikuwepo, mshahara, na jioni moja ya kukaa kwenye kiti bila kutukanwa. Wapo waliosema baadaye kwamba chama kile kiliwafanya watu wajisikie nyumbani mahali walipotakiwa wapakimbie, na hoja hiyo ina uzito. Ila mimi naona tunaihukumu kirahisi kwa sababu sisi tunajua 1942 ilileta nini, na wao 1933 hawakujua, tena wengi waliotaka kuondoka hawakuwa na nchi ya kuwapokea.

Terezín ikawa ni hesabu ile ile, mahali pabaya zaidi.

Turudi kwa Schächter maana habari zake ndo zinaonyesha vizuri jinsi kitu kimoja kinavyoweza kuwa cha mateka na cha mtekaji kwa wakati mmoja. Huyu bwana aliamua kufundisha kwaya Misa ya Wafu ya Verdi, mtunzi wa Kiitaliano. Aliyewahi kuimba kwaya anajua ule mzigo, ni kazi inayotaka soprano, alto, tenor na besi waliokomaa, waimbaji wa solo wanne na okestra kubwa, yeye alikuwa na nakala moja tu ya nota na piano mbovu ndani ya chumba cha chini ya ardhi chenye baridi. Akawafundisha watu kama 150 mstari kwa mstari mpaka wakakariri Kilatini chote kichwani, baada ya kutwa nzima ya kazi na tumbo lenye supu ya maji maji. Baadhi ya viongozi wa Kiyahudi walimpinga kwa nguvu, kwa nini Wayahudi waimbe misa ya Kikatoliki wakati wenzao wanauawa kwa sababu ya Uyahudi wao? Swali la haki kabisa. Schächter akashikilia msimamo, na ukisoma maneno ya ile misa unaona alichokiona: kuna siku ya hasira inakuja, hakimu ataketi, kilichofichwa kitafichuliwa na hakuna kitakachobaki bila kulipwa. Kwa Mkristo ni maombi mbele ya Mungu. Yaimbwe maneno hayo hayo mbele ya maofisa wa SS na watu waliovaa nyota ya njano, ile Wayahudi waliyolazimishwa kuvaa, yanakuwa kitu kingine, na SS wamekaa wanasikiliza bila wasiwasi.

Iliimbwa kwa mara ya kwanza mwaka 1943. Transporti zikamchukulia wanakwaya, akaanza upya na wengine, zikamchukulia tena, akaanza tena. Jumla iliimbwa mara 16 na ya mwisho ilikuwa Juni 1944, kwaya imebaki na watu kama 60, na safari hii ilikuwa ni kwa amri.

Amri ilitokana na wageni. Wayahudi zaidi ya 400 kutoka Denmark walikuwa wameletwa Terezín Oktoba 1943 na serikali ya Denmark haikunyamaza, ikawa inauliza watu wetu wako wapi tunataka kuwaona. Wanazi wakaamua kuitengeneza Terezín ipendeze. Wakapanda maua na nyasi kwenye uwanja wa katikati, wakajenga jukwaa la bendi, wakapaka rangi nyumba zile tu zilizoko njiani ambako wageni watapita, wakafungua mgahawa na benki yenye noti zisizonunua kitu. Na ili msongamano upungue, Mei 1944 wakapakia watu 7,500 kwenda Auschwitz. Tarehe 23 Juni akafika Maurice Rossel wa Msalaba Mwekundu pamoja na maofisa wawili wa Denmark, wakatembezwa njia iliyopangwa, wakaona walichotakiwa kuona, na Rossel akaandika ripoti kwamba pale ndo mwisho wa safari, watu hawapelekwi kwingine. Kwa kweli ripoti hiyo inauma kuisoma.

Siku hiyo wageni walionyeshwa pia Brundibár, opera ya watoto. Hans Krása aliitunga Prague mwaka 1938, maneno ya Adolf Hoffmeister, ikafanyiwa mazoezi kwenye nyumba ya yatima wa Kiyahudi, na baada ya mtunzi, watoto na walimu wao wote kujikuta Terezín, Krása akaiandika upya kwa ala zilizokuwepo pale. Kisa chenyewe chepesi: Aninka na Pepíček mama yao anaumwa, daktari kasema anywe maziwa, hawana hela, wanaenda sokoni kuimba wapate chochote ila Brundibár, mzee mwenye kinanda cha kuzungusha kwa mkono, anawafukuza maana wanamharibia biashara. Wanakuja kusaidiwa na shomoro, paka, mbwa na watoto wa mtaa, wanaimba kwa pamoja mpaka Brundibár anashindwa. Aliyecheza Brundibár ni mvulana yatima, Honza Treichlinger, alibandikwa sharubu akawa anazichezesha kwa namna ya kuchekesha, watazamaji wakampenda mpaka akawa staa wa geto. Wimbo wa mwisho ulibadilishwa maneno na Emil Saudek, pale palipokuwa panasema anayependa baba, mama na nchi yake ndiye rafiki yetu, yeye akaweka anayependa haki na kuisimamia. Ikachezwa mara 55. Ela Weissberger aliyekuwa paka, akaja kuishi Marekani, alikuwa anasimulia kwamba wakiwa jukwaani waliruhusiwa kuvua ile nyota. Saa moja tu hiyo, unakuwa mtoto kama watoto wengine. Wenzake waliendelea kupungua kila transporti ikiondoka, wanatafutwa wengine wanafundishwa haraka haraka, na Honza naye mwisho aliuawa Auschwitz.

Ile filamu sasa. Udanganyifu wa Juni ulivyofanikiwa, SS wakataka kuurekodi, wakamlazimisha mfungwa Kurt Gerron aongoze upigaji picha, mwigizaji na muongozaji mkubwa wa Berlin kabla ya 1933. Walipiga picha Agosti na Septemba 1944. Wale watoto wanaoimba ni Brundibár, na ile okestra ya suti inapiga kazi ya mtunzi Pavel Haas ikiongozwa na Karel Ančerl, Haas mwenyewe anaonekana akiinama kupokea makofi. Kamera zikafungwa, na kuanzia tarehe 28 Septemba hadi 28 Oktoba zikaondoka transporti 11 zenye watu zaidi ya 18,000. Tarehe 16 Oktoba waliondoka kwa pamoja Krása, Pavel Haas, Schächter na mtunzi mwingine, Viktor Ullmann. Gerron aliondoka na ya mwisho kabisa. Kwa hiyo nyuso unazoziona kwenye ile filamu, nyingi ndani ya miezi miwili zilikuwa zimeshauawa. Huo si ushahidi kwamba hapakuwa na mateso, ndo namna mateso yenyewe yalivyokuwa yanafanya kazi.

Na kuna waliojaribu kuuambia ulimwengu ukweli wakati huo huo. Kulikuwa na ofisi ya uchoraji inayofanya kazi za SS, ramani, chati, vipeperushi vizuri vya kuonyesha maendeleo ya geto, mkuu wake Bedřich Fritta. Mchana yeye na wenzake, Leo Haas, Otto Ungar, Ferdinand Bloch, wanachora walichoagizwa, usiku kwa wino na karatasi zile zile za ofisi wanachora walichokiona: foleni za supu, vipofu wanaongozana, maiti kwenye mikokoteni, maduka ya Terezín yamekaa kama mapambo ya jukwaani. Baadhi ya michoro ikapenyezwa nje. Julai 1944 wakaitwa wakahojiwa mbele ya Eichmann mwenyewe, ofisa wa SS aliyepanga usafirishaji wa Wayahudi, kosa lao likaitwa propaganda ya kutisha, wakatupwa na familia zao kwenye gereza la Ngome Ndogo jirani hapo. Bloch alipigwa mpaka akafa. Ungar aliharibiwa mkono wake wa kuchorea. Fritta akafia Auschwitz. Ila michoro walikuwa wameshaifukia ardhini na kuijengea ndani ya ukuta, na Leo Haas alipotoka hai akarudi akaichukua.

Ipo kazi moja ya Fritta ambayo mimi naiweka mbele ya zote. Mwanaye Tomáš alikuwa anatimiza miaka mitatu tarehe 22 Januari 1944, aliingia geto akiwa bado mchanga, hajui nje kukoje. Baba akamchorea kitabu cha rangi: keki, matunda, mawazo ya safari, kazi atakazochagua akikua. Kwenye ukurasa mmoja mtoto katugeuzia mgongo, kapanda juu ya sanduku la safari, anachungulia dirishani. Hakuna SS kwenye kitabu hicho, hakuna wa kudanganywa wala wa kupingwa, ni baba anamfundisha mtoto wake kwamba dunia ipo. Tomáš aliokoka, mama yake akafia gerezani, na Leo Haas akamchukua akamlea kama mwanaye.

Friedl Dicker-Brandeis naye alifanya kitu cha namna hiyo ila kwa watoto mamia. Huyu mama alizaliwa Vienna, akasoma chuo cha sanaa cha Bauhaus, angeweza kuchora vitu vyake akaacha, Terezín aliutumia muda wake kuwafundisha watoto kwenye mabweni yao. Karatasi ni fomu za ofisi zilizotumika upande mmoja, mabaki ya kufungia vifurushi, yeye anawaambia watoto sikilizeni mdundo, pumueni, chora kinachokuja. Tena kila mtoto aandike jina lake kwenye kazi yake, na kumbuka kwenye karatasi za geto mtu alikuwa namba ya transporti. Walichora nyumba zao, vipepeo, meza zimejaa chakula, wengine vitanda vya ghorofa tatu na foleni. Septemba 1944 mumewe alipakiwa, Friedl akaomba mwenyewe amfuate. Kabla ya kuondoka alipanga michoro kama 4,500 ndani ya masanduku mawili yakafichwa. Aliuawa Auschwitz Oktoba 9, mume akapona. Baada ya vita Willy Groag aliyekuwa mlezi kwenye bweni la wasichana akayapeleka masanduku Prague, na leo michoro iko kwenye Jumba la Makumbusho la Kiyahudi la hapo.

Sasa je, hii ilikuwa ni harakati za kupinga au walitumika tu? Kuna watu wanapenda kusema sanaa iliwaokoa, mimi siipendi hiyo kauli kabisa, haikuwaokoa, waliuawa. Hata ile kinga kidogo waliyopata wasanii, maana kwa muda baadhi yao majina yao yalikuwa hayaguswi kwenye transporti, ilikuwa na sumu ndani yake: SS wanataja idadi, baraza la Kiyahudi linalazimishwa kujaza majina, kwa hiyo jina la mpiga fidla likitoka jina la mtu mwingine linaingia. Kinga yenyewe ikaisha ile Oktoba. Ila pia siwezi kukubali kwamba kwa vile SS walitumia Brundibár mara moja mbele ya wageni basi zile mara nyingine zote ni propaganda. Watazamaji wa kawaida walikuwa wafungwa wenzao, wanagombania tiketi, na wale wasanii walikuwa hawafanyi ili mradi. Ullmann aliandika tahakiki zaidi ya 20 za matamasha ya geto, anasifia palipo pazuri na anakosoa palipolegea, kwa waimbaji wenye njaa. Hilo ndo linaniambia zaidi ya kauli zozote, kwamba hawakukubali kuhurumiwa, walitaka kupimwa kama wasanii. Mwenyewe aliandika kwamba hawakukaa tu kulia kando ya mito ya Babeli, na hamu yao ya sanaa ilikuwa sawa na hamu yao ya kuishi.

Na kazi yake kubwa SS hawakuweza kuitumia kwa mgeni yeyote. Yeye na kijana mchoraji na mshairi, Petr Kien, walitunga Der Kaiser von Atlantis, opera ya Kaisari anayetangaza vita vya watu wote dhidi ya watu wote, Kifo anachukia kuona kazi yake imegeuzwa ya kiwandani, anagoma. Basi hakuna anayekufa. Waliojeruhiwa hawafi, wagonjwa hawafi, wanaonyongwa hawafi, utawala wa Kaisari unayumba maana nguvu yake yote ilikuwa ni kuua, mpaka Kifo anamwambia nitarudi kazini kwa sharti wewe uwe wa kwanza. Ndani yake wimbo wa taifa wa Ujerumani umepindwa unasikika wa huzuni, na mwisho wanaimba kwa tuni ya Luther ile ya Mungu kuwa ngome, ambayo Walutheri wa huku kwetu wanaijua vizuri. Sehemu ya maandishi iko nyuma ya karatasi zilizotumika kuorodhesha wafungwa. Mazoezi yalianza 1944, transporti za vuli zikachukua mtunzi, mshairi na waimbaji.

Kabla ya kupanda treni Ullmann alimwachia mwenzake Emil Utitz nota zake zote, Utitz akabaki hai akamkabidhi mwandishi H. G. Adler, naye mfungwa wa zamani wa Terezín, na zikakaa miaka na miaka. Opera ikachezwa kwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 16 Desemba 1975. Siku hizi inachezwa nchi nyingi, na kikundi kinabaki kidogo vile vile, wapigaji 13 hivi, banjo imo, saksafoni imo na kinanda cha upepo kimo, maana Ullmann aliwaandikia watu na vyombo alivyokuwa navyo pale.